Kaka anataka kitambaa kichomwe, binti anataka kionekane

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mkazi wa Tanga mjini. Kazi yangu ni kupamba maharusi: hina, piko, singo, na nikiitwa mapema hata kusuka nasuka. Nakuandikia kwa ajili ya binti wa kaka yangu. Ana miaka 20 na nakaa naye tangu Februari.

Mtoto huyu alikuwa anasoma chuo Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza akapata mchumba, kijana wa miaka 29, ana kazi yake na ana maneno ya adabu. Idi alikuja mpaka hapa Tanga kwa kaka, tukala naye pilau sinia moja, akamwita kaka "baba". Kumbe huko Dar alishamhamishia kwake, simu amemnyang'anya akampa ya kitochi, na hiyo nayo anaikagua kila jioni. Akichelewa kutoka darasani anahesabiwa dakika. Kupigwa kulianza kwa kofi. Mara ya mwisho alimwekea pasi ya moto kwenye mkono wa kushoto. Mtoto alipanda basi pale Mbezi na nguo alizovaa na kandambili, mimi ndiye niliyempokea stendi.

Wiki tatu hakusema neno la maana. Anakaa uani, anatazama kuku. Nikawa nampa koni za hina zilizobaki kazini apoteze mawazo. Akaanza kuchora kwenye magazeti, maua kwanza, kisha akachora mlango wenye makomeo saba, sikumuuliza. Baadaye akahamia kwenye mkono wake mwenyewe. Anachora piko, maua yanapita juu ya lile kovu mpaka hulioni tena. Nikamwambia ana mkono kunishinda. Ndiyo siku ya kwanza aliyocheka.

Nikaanza kwenda naye kazini. Nyumbani nako akaja rafiki yake waliosoma wote msingi, naye ana yake ya kusimulia, akamleta mwingine. Sasa wako watano, kila Jumamosi baada ya adhuhuri wapo uani kwangu. Nilinunua kitambaa cha marekani, nikakata vipande, kila mmoja na chake, na rangi za kitambaa. Wanachora kanga, maana ndicho kitu sote tunachokijua: pindo la ukingoni, mji wa katikati, na jina, yale maneno yake. Mdogo wao ana miaka 16, huyo bado yuko na mtu wake, ila kwa kuchora anawapita wote.

Binti yetu kitambaa chake pindo amechora korosho. Mjini kuna mkono mmoja mkubwa, na juu ya mkono alama ya pasi ameiacha nyeupe, hakuitia rangi kabisa. Pale pa jina hajaandika kitu. Wiki aliyochora ule mkono hakulala vizuri, alikuwa anaamka usiku anakwenda kukagua komeo la mlango. Nikaogopa.

Halafu mwezi uliopita tulikuwa na harusi. Alikuwa ameshammaliza bibi harusi mkono wa kulia, kazi safi. Amechukua wa kushoto, somo, yule mama wa kumfunda, akawa anampa mwali mawaidha yake: mume akikasirika nyamaza, akikupiga funga mlango, siri ya nyumba haitoki. Koni ikaanza kutikisika. Mstari ukapita katikati ya kiganja cha mtoto wa watu. Akaweka koni chini, akatoka nje, akanisubiri kwenye bajaji. Mimi nikabaki kufuta na kuomba radhi. Tangu siku hiyo harusi haendi tena. Naona hina ndiyo iliyomtetemesha, na huenda kuchora kote huku kunamtonesha kidonda ambacho kingejifunga chenyewe.

La pili ni hili. Kuna mama wa shirika moja aliwaona watoto akavutiwa. Anataka vitambaa viwekwe kwenye maonyesho ya Siku 16 za kupinga ukatili, ukumbi mkubwa, wageni rasmi watakuwepo. Vya wengine anavipenda, ila cha binti yetu ndicho anachokitaka hasa. Kasema "huu mkono utagusa watu", na amemwomba aandike lile jina kabla ya Novemba, hata maneno amempendekezea. Binti anasema anataka. Tena anataka na jina lake halisi liwepo.

Kaka aliposikia alikuja usiku. Akasema kitambaa kichomwe. "Nani atamwoa? Unataka mji mzima ujue?" Kuhusu polisi alishasema mapema kwamba yamepita, tusifukue. Na yule kijana hajapotea, ana ndugu zake Ngamiani, hapahapa mjini, na majuzi binti amepata ujumbe kwa namba ngeni: "Nimekusamehe."

Mimi sijasoma mambo haya. Ndoa yangu ya kwanza nilikaa miaka tisa, nikavumilia, nikatoka, nikaendelea na maisha bila kuchora chochote, lakini hayo hayahusiani.

Nifanye nini Bi Mshauri? Nizifunge hizi Jumamosi? Nimrudishe kwenye hina? Kitambaa kiende au kisiende?

Shangazi mtu, Tanga


JIBU

Marahaba, shangazi mtu, na pole kwa mzigo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikikuelewa, unauliza kama zile Jumamosi zinamponya binti au zinamtonesha, na kama kitambaa chake kina haki ya kutoka nje ya ua wako. Katikati amesimama kaka yako na kiberiti. Yote nitayagusa. Ila umeandika sentensi moja kwa haraka sana, katikati ya sifa, na hiyo nitaitanguliza kwa kuwa hayo mengine yanaweza kusubiri Novemba na hili haliwezi.

Yule wa miaka 16 "bado yuko na mtu wake". Hukusema mtu huyo ana umri gani wala anamfanyia nini, lakini mtoto hakuletwa kwenye duara lile kwa sababu ya kupenda rangi peke yake. Wenzake wanne wanachora jambo lililokwisha. Yeye anachora jambo la jana usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wewe sasa ni huyo mwenye taarifa. Mlango wa kuingilia unaweza kuwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kama unataka kwanza kuzungumza na mtu bila kuonana naye, namba 116 ni ya simu kwa mtoto na hailipishwi. Kama ameingiliwa kwa nguvu siku za karibuni, hospitali iwe ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo.

Hofu yako naijua: ukisema, mtoto atakimbia, Jumamosi hutamwona tena, na huyo mtu atapata habari. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana wengi waliofanya kazi na watoto humwambia mtoto mwenyewe mapema, kwa upole na faragha, kwamba yapo mambo shangazi hawezi kuyaweka kifuani peke yake, na kwamba atakapokwenda kusema watakwenda wote wawili. Akijua kabla, hajasalitiwa. Akija kushtukia polisi mlangoni, umekuwa mtu mwingine aliyeamua juu yake bila kumuuliza.

Sasa turudi kwenye hina.

Umeandika kwamba hina ndiyo iliyomtetemesha. Hebu turudi chumbani kwa yule mwali, wewe na mimi, tuketi pembeni tutazame. Mkono wa kulia aliumaliza, kwa maneno yako, kazi safi. Harufu ya hina ilikuwepo, ndimu ilikuwepo, koni ni ileile. Kilichoongezeka alipochukua mkono wa kushoto ni nini? Ni sauti ya somo: akikupiga funga mlango. Umenieleza pia kwamba mtoto huyu alichora mlango wenye makomeo saba, na kwamba usiku anaamka kukagua komeo. Sijui kama ni bahati tu. Na mkono aliochomwa, kwa barua yako mwenyewe, ni wa kushoto.

Kisha akaweka koni chini akatoka nje. Wewe umeliona hilo kama aibu mbele ya wenye harusi, na ninaelewa, maana jina la kazi ni lako na kufuta ulifuta wewe. Lakini tazama kwa upande wa pili. Huko Dar maneno yalipoanza kuuma hakuweza kutoka, alihesabiwa hata dakika. Safari hii alitoka bila kuomba ruhusa ya mtu na akakusubiri kwenye bajaji. Mimi kitendo hicho siwezi kukiita ugonjwa.

Kwa hiyo swali la kumrudisha kwenye harusi naona lina vyumba vingi ndani yake. Anaweza kupamba wanaokuja uani kwako, mbali na somo. Anaweza kukaa nyumbani kuchekecha hina, kuichanganya na kujaza koni, mkaenda naye akitaka mwenyewe. Anaweza kuacha kabisa, na hilo lina gharama yake: ni kitu alichokipenda, na kikiondoka kitahesabiwa miongoni mwa vitu alivyochukua yule kijana. Kumlazimisha nako kuna gharama. Umemuuliza yeye anaionaje kazi hiyo sasa? Barua yako haisemi.

Na hapa niseme neno la mtu mzima kwa mtu wa fani. Piko nyingi tunayotumia siku hizi ni rangi ya nywele, na dawa iliyomo huwasha na kuunguza hata ngozi nzima, seuze ngozi yenye kovu la moto. Kama anataka maua yapite juu ya lile kovu, apewe hina ya unga ya kawaida, uliyoichanganya wewe. Kuhusu kama anaficha au anapamba, hilo nimeliwaza sana. Sisi wapambaji wa pwani tunajua kwamba ua halifichi mkono, linaufanya utazamwe. Huenda yeye mwenyewe bado hajaamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Je, kuchora kunamtonesha? Kunaweza. Ni vizuri tusidanganyane hapa, kwa sababu wapo wanaoisifu sanaa kama dawa ya kupaka ambayo haina ubaya wowote. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa chuo aliowapa dakika 15 kila jioni, jioni nne mfululizo, waandike jambo zito kuliko yote lililowahi kuwapata. Walipomaliza kuandika walikuwa na huzuni kuliko walipoanza. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Basi kuamka usiku wiki ile ya mkono si lazima kuwe dalili kwamba mambo yameharibika. Ila wale walikuwa wanafunzi waliokuwa wakiendelea na masomo yao, na huyu ni binti aliyetoroka na kandambili na bado anatumiwa ujumbe wa "nimekusamehe". Utafiti ule hautupi ruhusa ya kumsukuma.

Kuna sababu mikono yake ilianza kabla ya mdomo. Watu waliopigwa picha za ubongo huku wakikumbushwa tukio lililowatisha walionekana ile sehemu inayotusaidia kutunga maneno ikipungua kazi. Mtu anataka kusema na maneno hayaji. Zile wiki tatu za kutazama kuku hakuwa mkaidi. Koni uliyompa ilipita pale ambapo ulimi haukuweza kupita, nawe ulifanya hivyo bila kusoma popote, na hukumuuliza juu ya makomeo. Hapo ulinifurahisha.

Kama Jumamosi zitaendelea, zikae kwa mpangilio wa kanga yenyewe. Anayeanza, aanze na pindo. Pindo ni kazi ya kurudiarudia, korosho baada ya korosho, mkono unatulia na pumzi inatulia, na mtu anajua kuna ukingo kabla hajaingia mjini. Asiyetaka kuingia mjini mwaka huu, abaki kwenye pindo. Usimuulize mtu "hii ni nini?" Muulize rangi hiyo kaichanganyaje. Kabla hawajatawanyika, kuwe na kitu cha kawaida kabisa cha kufunga siku, kuosha brashi, chai, kusindikizana hadi barabarani, ili hakuna anayeondoka na mkono wa moto kichwani akaingia kwenye daladala peke yake. Vitambaa vikae sandukuni kwako na ufunguo ujulikane uko wapi. Na simu zisipige picha uani, hata ya kujifurahisha.

Wewe si tabibu na uani kwako si hospitali. Akikosa usingizi wiki kwa wiki, akiacha kula, akiganda katikati ya mazungumzo kama mtu aliyekwenda mbali, akijiumiza, au akianza kusema habari za kufa, hapo rangi peke yake haitoshi. Mpeleke kliniki ya afya ya akili hospitalini, na usisubiri Jumamosi ifike. Uani kwako kunaweza kubaki palepale huku akitibiwa.

Sasa kitambaa.

Nilipokuwa nasoma nilijikuta narudi kwenye ile sehemu tupu ya jina. Binti amemaliza pindo, amemaliza mji, jina hajaandika. Kisha akatokea mtu mwenye nia njema na tarehe ya mwisho, na akaja na maneno mkononi. Simlaumu mama huyo, huenda bila watu kama yeye mji wetu ungenyamaza zaidi. Ila niseme ninachokijua: maonyesho ya namna hii yana njaa ya picha inayoumiza, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wageni rasmi wanyamaze na wafadhili watoe kalamu. Korosho za pindoni hakuna aliyezisifia. Jina la kanga huandikwa na anayejua anamwambia nani. Binti wetu anajua anamwambia nani? Anawaambia wageni rasmi, baba yake, yule kijana, au nafsi yake? Huenda jibu likabadilisha hata mahali pa kukitundika. Na huenda likawa bado halipo, na kitambaa kisicho na jina kikawa kimekamilika kwa leo.

Anataka jina lake halisi liwepo. Naheshimu hilo kuliko unavyodhani. Mtu aliyekaguliwa simu kila jioni ana haki ya kusema "ni mimi". Wakati huohuo yule mtu ana ndugu Ngamiani, ukumbi uko mjini, na wageni wote wana simu. Kitambaa kitakaa ukutani kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, picha yake itakaa kwenye simu za watu ambao hatutawajua milele. Hilo haliwezi kurudishwa sandukuni. Ule ujumbe nao usifutwe. Uhifadhiwe na namba yake, tarehe yake na saa yake, kwa sababu siku binti akiamua kwenda Dawati utakuwa na kazi. Uamuzi huo kwa mtu wa miaka 20 ni wake, wala hauishi kwa baba kusema yamepita.

Kati ya kuchoma na kutundika na jina, njia ni nyingi. Pwani yetu haijawahi kukosa namna ya kusema bila kumvua mtu nguo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, aliimba kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja akauawa, na muuaji akavuka maji akatoroka. Aliyesimama mbele ya watu alikuwa mwimbaji. Na Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha mpango wa Tuseme mwaka 1996, wasichana wa sekondari walitunga michezo ya kuigiza juu ya yanayowasibu shuleni, kusumbuliwa kimapenzi kukiwemo. Msichana wa kwenye mchezo alikuwa na jina la mchezo. Watu wakajadili habari zake hadharani, na mwenye kisa chake, kama yumo, akaweza kukaa miongoni mwa watazamaji akasikiliza wanavyomtetea. Wengine hupata ahueni kubwa kwa kuketi hapo kuliko kwa kusimama jukwaani.

Hivyo watano hao wanaweza kutoa kitambaa kimoja cha wote, ambacho hakuna atakayejua mkono ni wa nani. Au cha binti kiende bila jina lake. Au kiende pindo peke yake, kimekunjwa, mji usionekane, na hilo nalo lingekuwa na la kusema kwa anayezijua kanga. Au akionyeshe kwa mtu mmoja tu aliyemchagua. Au kiende na jina, akiwa amekwisha kupima na wewe nani atamsindikiza, atarudi na nani, na nini kitafanyika yule akitokea ukumbini. Lolote atakalochagua, mama wa shirika akubali mapema kwamba mwenye kitambaa anaweza kukiondoa hata asubuhi ya maonyesho bila kuulizwa sababu. Akisita kukubali hilo, mtakuwa mmejifunza jambo juu ya maonyesho yenyewe.

Kaka yako. Umemsoma kama mtu anayeogopa mji utasema nini, na maneno yake yanakupa haki. Lakini umenieleza pia kwamba alikula pilau sinia moja na yule kijana, akaitwa baba. Sijui moyo wa kaka yako. Ninajiuliza tu, anapoutazama ule mkono wenye alama nyeupe, haoni pia mkono uliokuwa ukichota pilau upande wa pili wa sinia? Kuna wanaume ambao majuto yao hutoka yakiwa yamevaa hasira. Huenda ukimjibu juu ya ndoa na mji mtagombana hadi asubuhi. Huenda ukimuuliza siku ile ya Idi anaikumbukaje, akanyamaza. Na ni kweli pia huenda asinyamaze, akavuka ua akaja kukichukua. Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo, sanduku liwe limefungwa.

Lile la "nani atamwoa" nalo, likija tena, lisikupeleke kwenye ubishi wa nani ana bahati na nani hana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, karibu robo wameshapigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mtu huyohuyo. Hao wote wako katika miji ya watu, wengine wameolewa na wengine la. Binti yenu si kioja cha Tanga.

Nimebakiwa na wewe.

Umeandika miaka tisa kwa mstari mmoja, ukaufunga kwa "hayo hayahusiani". Halafu ukauliza kama kidonda kisingejifunga chenyewe. Sikuamini sana hiyo "hayahusiani", na sikusemi kwa kukusuta. Mtu aliyevumilia miaka tisa na akatoka bila msaada anaweza kuwatazama hawa watano kwa macho mawili tofauti katika Jumamosi moja: jicho linalosema mbona mimi nilipona bila rangi, na jicho linalosema laiti mtu angenipa koni. Yote mawili ni yako na hayana ubaya. Hatari ipo pale tu yanapoamua kwa niaba ya binti, la kwanza kwa kumwambia aache, la pili kwa kutaka mkono wake uende ukumbini ukaseme na ya kwako.

Umesema ulinunua marekani ukakata vipande vitano. Kimebaki kiasi gani?